Kuitambua oboli ya Athens: mizani, bundi na karatasi

Sarafu ya Athens inayojulikana na wengi ni ile kubwa, tetradrakma, ya gramu 17 na ushei, yenye kichwa cha mungu wa kike Athena upande mmoja na bundi upande wa pili. Hiyo ndiyo iliyolipia meli na majeshi, ikasafiri hadi Misri na Shamu. Lakini mtu wa Athens aliyeshuka sokoni kununua samaki wa kitoweo hakwenda nayo. Alikwenda na oboli, kisarafu kidogo cha madini ya fedha, na nusu oboli, na vipande vidogo kuliko hivyo, na kwa kuwa mavazi yake hayakuwa na mifuko, mara nyingi alivitia mdomoni. Katika mchezo wa kuigiza wa Aristophanes, mtunzi wa vichekesho wa Athens, ulioonyeshwa mwaka 422 KK, mzee mmoja anayelipwa oboli tatu kwa siku kwa kuketi na waamuzi mahakamani anaeleza jinsi binti yake anavyompokea nyumbani kwa mabusu, huku akiivua kwa ulimi sarafu ile iliyo mdomoni mwa baba.

Hizo ndogo ndizo ninazozipenda mimi. Ni sonara, kazi nilifundishwa Mombasa na baba mdogo, Mungu amrehemu, na sasa naishi Berlin. Waswahili wenzangu wa huku wakishajua kazi yangu, hunitumia picha za sarafu walizoziona kwenye meza za mitumba au kwenye minada ya mtandaoni: "Kaka, hii ni ya kweli?" Picha peke yake haitoshi kujibu swali hilo. Kwa hiyo naandika hapa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, kwa sarafu za mji mmoja tu, Athens, za karne ya 5 na ya 4 KK. Ukiuzoea kwa mji huu, mingine utaiingia kwa urahisi.

Vifaa

Unahitaji mizani inayosoma hadi elfu moja ya gramu, yaani nambari tatu baada ya nukta. Mizani ya jikoni haifai hata kidogo, na ile ya kusoma nambari mbili itakufikisha nusu ya njia. Tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara 10, rula ya milimita, kibano chenye ncha za plastiki, na taa ya meza unayoweza kuishusha mpaka mwanga utambae juu ya sarafu kutoka ubavuni. Mwanga wa juu moja kwa moja huua michoro yote.

Tandika kitambaa kinene mezani kabla hujagusa chochote. Fedha iliyolala ardhini miaka 2,400 si fedha uliyoizoea kwenye pete. Chembe zake hukua na kuanza kuachana, nayo hupoteza ule ulaini wake na kuwa kitu cha kuvunjika. Ikidondoka kwenye sakafu ya vigae inaweza kupasuka vipande viwili. Na oboli ni kitu cha ukubwa wa punje ya dengu. Ikiruka kutoka kwenye kibano utaitafuta kwa magoti.

Anza na mizani

Watu huanza na picha iliyo juu ya sarafu. Mimi naanza na uzito, kwa sababu sarafu hizi zenyewe hazikuandikwa thamani yake popote. Mwenye duka wa Agora, soko kuu la Athens, aliijua kwa ukubwa, kwa uzito na kwa jinsi bundi alivyokaa. Na sisi tufuate njia hiyohiyo.

Hesabu ya Athens ni hii. Drakma moja ni oboli 6, na drakma ina uzito wa karibu gramu 4.3. Basi oboli moja ni gramu 0.72. Sarafu ya oboli tatu, ambayo ni nusu drakma, ni 2.15. Ya oboli mbili ni 1.44, ya oboli moja na nusu ni 1.08, nusu oboli ni 0.36, na robo oboli ni 0.18. Kuna na robo tatu ya oboli, gramu 0.54. Ili uone thamani yake: hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion, zilizochongwa kwenye mawe kati ya mwaka 409 na 407 KK, zinaonyesha mafundi wakilipwa drakma moja kwa siku, awe raia, mgeni mkaazi au mtumwa. Oboli basi ilikuwa sehemu ya sita ya kutwa nzima ya mchonga mawe, na hata robo yake ilikuwa na kazi sokoni.

Kabla ya kupima, iwashe mizani, iache itulie, kisha weka jiwe la kupimia linalokuja nayo uone kama inasema kweli. Zima feni, funga dirisha. Kwa uzito mdogo hivi hata pumzi yako inahesabiwa. Pima zaidi ya mara moja, ukiinua sarafu na kuirudisha, na andika kila namba.

Sasa usitarajie kupata 0.72 kamili. Zilizotumika sana zimelika, na ardhi nayo imechukua chake. Oboli nyingi nzuri utazikuta kati ya 0.60 na 0.72. Kushuka kunaeleweka, ninachokiogopa ni kupanda. Oboli inayosoma 0.85 naiweka kando mara moja, kwa sababu sarafu haiongezeki uzito kwa kupita mikononi mwa watu. Ikiwa ina gamba nene la udongo au gamba la kijivu la fedha iliyooza, sawa, ongezeko dogo lina sababu yake. Ikiwa ni safi na bado ni nzito, kuna jambo.

Pagumu ni katikati. Gramu 0.50 inaweza kuwa oboli iliyolika vibaya, au robo tatu ya oboli iliyo nzima. Gramu 0.95 inaweza kuwa oboli moja na nusu iliyochoka. Hapo mizani imemaliza kazi yake, muite bundi.

Bundi amekaaje?

Mafundi wa Athens walijua kwamba sarafu hizi zingechanganyikana mkononi, kwa hiyo walimbadilisha bundi mkao kulingana na thamani. Hili ndilo jambo ninaloliona la ustadi mkubwa kuliko yote katika kazi yao, na ndilo litakalokusaidia zaidi.

Kwenye oboli na nusu oboli, bundi amesimama ubavu, mwili umeelekea kulia, uso umegeuka kukutazama. Nyuma yake, juu kushoto, kuna kitawi cha mzeituni, na mbele yake herufi tatu za Kigiriki, ΑΘΕ, zikishuka. Hizi mbili zinafanana sana, kwa hiyo uzito ndio unaozitenga.

Kwenye oboli tatu bundi anakutazama mzima mzima, kifua mbele, mabawa yamefungwa, na matawi mawili ya mzeituni yamemzunguka kushoto na kulia. Ukiona matawi mawili, usihangaike na kingine. Kwenye oboli moja na nusu pia anakutazama, lakini mabawa ameyafungua. Sarafu ya oboli mbili ya karne ya 4 KK ni ya ajabu: bundi wawili, miili miwili, kichwa kimoja kinachokutazama. Anayeiona mara ya kwanza hudhani chapa, yaani muhuri wa kugongea picha kwa nyundo, iliteleza ikagonga mara mbili. Haikuteleza, miili miwili ni oboli mbili.

Zile zinazohesabiwa kwa robo hazina bundi, badala yake wakaweka mwezi mwandamo. Mwezi mmoja ni robo oboli, miezi mitatu ni robo tatu. Kwa hiyo ile sarafu yetu ya gramu 0.50 iliyotusumbua hapo juu, igeuze tu. Ukiona miezi mitatu, jawabu umelipata. Ukiona hata ukucha mmoja wa bundi, ni oboli iliyolika.

Upande wa pili, kichwa cha Athena, unakusaidia zaidi kwenye umri. Baada ya vita na Waajemi, kofia yake ya chuma ilivishwa majani matatu ya mzeituni yaliyosimama juu ya paji. Kisha angalia jicho. Katika karne ya 5 KK uso unaonekana wa ubavuni lakini jicho limechorwa zima, kama la mtu anayekutazama usoni. Walilishikilia jicho hilo la kizamani muda mrefu baada ya wachongaji wa mji huohuo kujua kuchora vizuri zaidi, maana wafanyabiashara wa nchi za nje walikuwa wameizoea sura ile na hawakutaka ibadilike. Katika karne ya 4 KK jicho linageuka kuwa la ubavuni, pembe tatu iliyofunguka mbele. Kwenye tetradrakma unaliona bila taabu. Kwenye oboli, shusha taa, zungusha sarafu polepole chini ya lenzi, na usikate tamaa mapema.

Sarafu moja, hatua kwa hatua

Nichukue hii iliyo mezani kwangu sasa. Nimeipata kwenye mnada, pamoja na kikaratasi cha zamani cha mkusanyaji aliyekuwa nayo kabla yangu.

Mizani: 0.68. Rula: milimita 9 upande mrefu, 8 upande mfupi, maana si duara kamili. Athena yupo, ila chapa iligonga pembeni: pua na midomo vimeingia vizuri, kishungi cha kofia kimebaki nje. Hili lisikutishe. Kipande cha fedha kilikuwa kidogo kuliko chapa, na fundi alikuwa na vingi vya kugonga siku hiyo. Majani mawili yanaonekana, la tatu nusu. Jicho ni zima, la mbele. Nyuma, bundi wa ubavu ndani ya mraba uliozama kidogo, kitawi kipo, Α na Θ zinasomeka, Ε imekatwa na ukingo. Oboli, basi, ya nusu ya pili ya karne ya 5 KK.

Sasa ukingo, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote. Kwa kibano naisimamisha wima chini ya lenzi. Naona ufa mdogo unaoingia ndani kutoka ukingoni, mpana nje, mwembamba kadiri unavyoingia, na ndani ya ufa rangi ni nyeusi ileile ya sarafu yote. Ufa wa namna hiyo hutokea nyundo inapoitandaza fedha ghafla. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu haina sababu ya kupasuka hivyo. Badala yake ingekuwa na mstari mwembamba ukizunguka ukingo mzima, au alama za tupa iliyoufuta mstari huo, na usoni ingekuwa na vishimo vya mviringo vilivyoachwa na hewa. Michoro ya kalibu huwa laini, mabega ya herufi yameviringika. Michoro ya nyundo, hata ikilika, huacha pembe kali mahali ambapo kidole hakikufika: chini ya tumbo la bundi, katikati ya herufi.

Na jambo moja la mtandaoni: ukiona oboli mbili kwa wauzaji wawili, zikiwa na ufa uleule mahali palepale na kishungi kimekatwa vilevile, hakuna haja ya lenzi. Chapa moja ingeweza kugonga sarafu nyingi za kweli zenye picha moja, lakini ukingo wa kila kipande ni wake peke yake.

Zilizovikwa fedha

Kuna za uongo za jana na kuna za uongo za kale. Za kale zina moyo wa shaba na ngozi ya fedha, na nyingine zilitoka kwa serikali yenyewe. Mwaka 413 KK Wasparta, waliokuwa vitani na Athens, walijenga ngome Dekeleia, ndani ya ardhi ya Athens, na mwanahistoria Thucydides anasema watumwa zaidi ya 20,000 walitoroka. Kazi katika machimbo ya fedha ya Laurion ikaanguka. Mji ulipoishiwa, mnamo mwaka 406 KK ukatoa sarafu za shaba zilizovikwa fedha.

Miaka ya baadaye walilishughulikia tatizo la sarafu mbovu kwa ukali. Sheria iliyopendekezwa na mtu aitwaye Nikophon mwaka 375 au 374 KK, iliyopatikana Agora mwaka 1970 ikiwa imechongwa kwenye jiwe, inamtaja mpimaji, mtumwa wa serikali, aliyeketi penye meza za wabadili fedha; wa pili aliwekwa bandarini Piraeus. Akikuta yenye moyo wa shaba au wa risasi, aliikata palepale, nayo ikawa mali ya hekalu la Mama wa Miungu. Mimi kama sonara namheshimu sana mtu huyu. Jina lake hatulijui, na kazi yake ni yangu.

Wewe usikate. Wala usisugue kwenye jiwe la sonara la kujaribia madini kama tunavyofanya dukani kwa bangili. Nusu oboli haina nyama ya kupoteza. Tafuta kwa lenzi mahali palipoinuka zaidi, shavu la Athena na kifua cha bundi, na pembezoni. Ngozi ya fedha ikichanika utaona wekundu au ukijani ukichungulia, na mara nyingine ngozi imeinuka kama malengelenge.

Ikiwa bado una shaka na sarafu ni imara, pima ndani ya maji. Weka kikombe chepesi chenye maji yaliyochujwa juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame bila kugusa chini wala kando. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa 10.5, shaba karibu 9, risasi zaidi ya 11. Kwa sarafu ya gramu 0.70, fedha itasoma 0.067 na shaba tupu 0.078. Tofauti yote ni gramu 0.011, na ndiyo maana niliisisitiza ile mizani ya nambari tatu. Tone dogo la sabuni ndani ya maji huzuia vipovu kung'ang'ania sarafu na kukudanganya.

Bundi ambao si wa Athens

Bundi huyu alipendwa na kuigwa mbali. Gaza na miji jirani walipiga vipande vidogo vya fedha vyenye Athena na bundi katika karne ya 5 na ya 4 KK. Samaria pia. Yuda, chini ya utawala wa Waajemi, walimweka bundi pamoja na jina la jimbo lao kwa herufi za kwao, na penye kitawi cha mzeituni wakati mwingine utakuta yungiyungi. Uzito unakaribiana na oboli, kwa hiyo mizani haitakuokoa hapa. Tazama herufi: zikiwa zimegeuzwa, zimeruka mstari, au si za Kigiriki, fikiria mashariki. Hizi si bandia. Ni sarafu halali za mahali pengine, na baadhi ni adimu kuliko za Athens.

Kulinganisha, tumia picha za makumbusho, usitumie za wauzaji. Makumbusho ya sarafu ya Berlin yaliyo ndani ya Bode-Museum, na jumuiya ya sarafu ya Marekani iliyoko New York, zote zimeweka sarafu zao nyingi mtandaoni pamoja na uzito wake, bure. Ukifika Athens, nenda Makumbusho ya Sarafu, ndani ya nyumba aliyoijenga mchimbuaji wa mambo ya kale Heinrich Schliemann katika barabara ya Panepistimiou.

Usiing'arishe

Nyumbani tunang'arisha fedha kwa ndimu na majivu, na bangili hutoka inameta. Kwa oboli ni kuiua. Weusi ule ni sehemu ya ushahidi wake, na chini yake uso umeshalika. Ukiuondoa unabaki na kipande cheupe chenye vishimo ambacho hata mimi siwezi kukisoma. Iloweke kwenye maji yaliyochujwa ikiwa ina udongo, ikaushe kwa kuigusisha kitambaa bila kusugua, basi. Iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Vile vifuko vya plastiki laini vyenye PVC huvuja uteute wa kijani baada ya muda na kuila fedha.

Karatasi

Hapa nakuomba uwe mkali kuliko mahali pengine pote. Sarafu ndogo ndizo rahisi kufukuliwa kwa mashine ya kutafutia madini na kuvushwa mpaka mfukoni, na kila iliyofukuliwa usiku imepotezewa mahali ilipolala: kaburi gani, chumba gani, pamoja na chungu gani. Hayo hayarudi. Muulize muuzaji ilikuwa kwa nani na tangu lini, na atoe maandishi. Risiti ya zamani, ukurasa wa katalogi ya mnada, kikaratasi cha mkusanyaji. Akijibu "mkusanyiko wa zamani wa Ulaya" bila kingine, mimi siinunui, hata iwe nzuri vipi.

Ndugu walioko Marekani wawe waangalifu zaidi. Tangu Desemba 2011, kwa makubaliano na Ugiriki, forodha ya huko inazuia kuingiza bila vibali au uthibitisho sarafu ndogo za fedha za Athens, Aegina na Korintho, zile za chini ya gramu 10 hivi. Tetradrakma zimeachwa nje kwa kuwa zilizagaa nchi nyingi, lakini oboli haikusafiri, kwa hiyo inahesabiwa imetoka kwenye ardhi ya Ugiriki.

Na ikitokea uko Ugiriki matembezini, mvua imeosha ukingo wa njia, na kitu cheusi cha ukubwa huo kinachungulia, kiache ulipokiona. Piga picha ukiweka ufunguo kando kuonyesha ukubwa, andika mahali penyewe kwa simu yako, uende kwenye ofisi ya mambo ya kale au kituo cha polisi kilicho karibu. Sheria yao namba 3028 ya mwaka 2002 inakutaka utoe taarifa bila kuchelewa, na mtaalamu akikuta sarafu bado ndani ya udongo wake anaweza kuusoma udongo pia.